Nani Kasema, Lini, na kwa Mamlaka Gani?

Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika bwalo la shule, siku ya Mkutano wa Mwaka.



Nilipopata barua ya Katibu akinitaka nizungumze habari za kazi yangu, nilisita. Kazi yangu ni kupima, kwa kutumia mantiki, kama taratibu zinazotumiwa na mashine kupelekeana habari za siri ni salama au si salama. Wataalamu huziita taratibu hizo itifaki. Nyumbani kwangu wageni huambiwa kwamba mimi ni fundi simu, nami sibishi, maana kubisha huchukua muda mrefu. Lakini leo nimepewa nusu saa, na vijana hawa hawawezi kuondoka kabla ya chakula. (Kicheko.) Kwa hiyo nitajaribu.

Nianze na cheti cha ruhusa. Wale wa zamani mnakikumbuka. Siku ya Jumamosi, mwanafunzi aliyetaka kwenda mjini alipewa na mwalimu wa zamu kipande cha karatasi: "Mruhusu fulani atoke." Sahihi ilikuwa ya mwalimu kweli. Muhuri ulikuwa wa shule kweli. Mlinzi wa langoni aliviangalia vyote viwili kwa makini. Hata hivyo, walikuwapo wanafunzi waliotoka Jumamosi nne kwa karatasi moja. Sitawataja majina, kwa sababu mmoja wao ndiye anayesema nanyi. (Kicheko.)

Kasoro ilikuwa wapi? Hakuna aliyeghushi sahihi. Hakuna aliyechonga muhuri. Karatasi haikuwa na tarehe, basi. Ilithibitisha kwamba mwalimu aliwahi kusema nitoke. Haikuthibitisha kwamba anasema hivyo leo. Mlinzi alichukua "aliwahi kusema" akaifanya "anasema". Naomba mshike tofauti ya maneno hayo mawili, maana tutarudi kwayo.

Hiyo ni habari ya kuchekesha. Sasa nitaeleza isiyochekesha.

Shangazi yangu analima zabibu Hombolo. Mwezi Septemba 2021, baada ya kuuza mavuno, alikuwa na shilingi 640,000 kwenye simu yake, za kununulia pampu ya maji. Mimi ndiye niliyemtafutia pampu kwa muuzaji wa mjini. Jioni nikampigia: "Shangazi, kesho nitakutumia namba ya muuzaji, umpelekee zile hela." Akajibu, "Haya baba, nasubiri."

Asubuhi simu yake ikalia. Ujumbe ulimwambia kwamba ile pesa aitume kwenye namba hii, kwa kuwa ile nyingine ina matatizo. Haukuwa na jina la mwandishi. Namba iliyouleta haikuwa yangu. Lakini shangazi alikuwa anasubiri namba, na namba imekuja. Kabla ya kukamilisha, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji. Hakulijua jina lile. Lakini hata muuza pampu hakuwa akimjua. Akabonyeza.

Saa sita mchana nikatuma namba ya kweli. Akanipigia. "Baba, mbona unatuma tena? Si nimeshamlipa asubuhi?"

Fedha zile hatukuzipata. Msimu ule shangazi alimwagilia zabibu kwa ndoo. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linalonisumbua. Mimi ninalipwa mshahara kwa kutafuta nyufa katika taratibu za watu wengine. Utaratibu ule wa namba niliutunga mimi mwenyewe, jioni, kwa sentensi moja, bila kuupima.

Ninyi nyote mnaujua ujumbe wa aina hiyo. Mwenye kuutuma hamjui shangazi wala hamjui mpwa wake. Anautuma kwa watu wengi asiowajua, akitegemea kwamba miongoni mwao yumo mmoja ambaye leo anasubiri kuambiwa pesa apeleke wapi. Maneno yaliyokosekana katika ujumbe, mtu huyo atayajaza mwenyewe.

Sasa mantiki inaingiaje? Mwaka 1989 watafiti watatu, Michael Burrows, Martín Abadi na Roger Needham, walitoa mantiki ya kupimia mambo kama haya. Kwa herufi za mwanzo za majina yao, huitwa mantiki ya BAN. Wanafunzi wa Hisabati za Juu mnaijua mada ya mantiki: mnaandika p na q, mnachora jedwali la kweli na uongo. Mantiki hii huongeza maneno machache ya kibinadamu: anaamini, ameona, aliwahi kusema, ana mamlaka juu ya, ni jipya. Kila neno lina alama yake, na zipo kanuni za kutoka neno moja kwenda jingine. Nitazieleza zile kuu tatu kwa lugha ya nyumbani.

Kanuni ya kwanza. Ikiwa naamini kwamba ufunguo fulani tunao wewe na mimi tu, nikaona ujumbe uliofungwa kwa ufunguo huo nami sikuuandika, basi nina haki ya kuamini kwamba wewe uliwahi kuusema.

Kanuni ya pili. Ikiwa naamini uliwahi kusema jambo, na naamini pia kwamba jambo hilo ni jipya, halikusemwa kabla ya mazungumzo yetu haya, basi nina haki ya kuamini kwamba unaliamini sasa.

Kanuni ya tatu. Ikiwa naamini unaliamini jambo, na naamini kwamba una mamlaka juu ya jambo hilo, basi nami nina haki ya kuliamini.

Nani kasema? Kasema lini? Ana mamlaka gani? Ni ngazi yenye vipago vitatu, na mantiki hairuhusu mtu aruke kipago.

Mweke shangazi kwenye ngazi hiyo. Kipago cha tatu alikuwa nacho: mpwa wangu ana mamlaka ya kuniambia namba. Kipago cha pili alidhani anacho, kwa kuwa ujumbe ulikuja asubuhi aliyoahidiwa. Cha kwanza hakuwa nacho kabisa. Hapakuwa na kitu chochote katika ujumbe ule ambacho ni mimi tu ningeweza kukiandika. Na jina lililoonekana kwenye simu je? Lilijibu swali jingine. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini mwaka 2019, na ni jambo jema; lakini unasema laini hii imeandikishwa kwa nani. Hausemi kama huyo ndiye mtu unayemfikiria. Jibu la kweli kwa swali ambalo hukuuliza laweza kukupoteza kama uongo.

Baadhi yenu mtasema: huyo ni mama wa shambani, wenye elimu hawashikwi hivyo. Ndugu zangu, wenye elimu walishikwa, tena kwa miaka 17. Nitawaeleza.

Mwaka 1978 Roger Needham, huyo huyo, pamoja na Michael Schroeder, walitoa taratibu za kuziwezesha kompyuta mbili zilizo mbali kutambuana. Mmoja wa utaratibu wao ulitumia mtu wa kati anayeaminiwa na wote, anayegawa funguo. Mwaka 1981 Dorothy Denning na Giovanni Sacco wakaonyesha kwamba mtu aliyepata ufunguo wa zamani angeweza kuuleta tena ujumbe wa zamani, na ukapokewa kama wa leo. Dawa waliyotoa ilikuwa kutia saa na tarehe. Mnaona? Ni kile cheti changu cha Jumamosi.

Utaratibu wa pili ulionekana kuwa na afya. Nitaueleza kwa masanduku. Tuseme kila mtu ana sanduku la barua lenye tundu. Yeyote aweza kutumbukiza barua, lakini mwenye sanduku peke yake ndiye mwenye ufunguo wa kulifungua. Asha anataka kuzungumza na Baraka. Anatumbukiza kwenye sanduku la Baraka: "Mimi Asha. Neno langu la leo ni mbuyu." Baraka anafungua, naye anatumbukiza kwenye sanduku la Asha: "Mbuyu. Langu ni zabibu." Asha anasoma, anasema moyoni: aliyejibu amelijua neno mbuyu, kwa hiyo amefungua sanduku. Anatumbukiza kwa Baraka: "Zabibu." Baraka naye anaridhika. Maneno yote mawili ni mapya, yametungwa leo. Sasa wanaamini kwamba wanaoyajua ni wao wawili tu.

Tafuteni ufa. Nitanyamaza kidogo.

Miaka ilipita. Hata mantiki ya BAN ilipoupima utaratibu huu mwaka 1989, ufa ninaotaka kuueleza haikuuona. Mwaka 1995 Gavin Lowe akauonyesha.

Tuseme katika mji yupo mfanyabiashara aitwaye Mjanja, naye ana sanduku lake halali kama watu wengine. Asha ana shughuli halali na Mjanja, anamwandikia: "Mimi Asha. Neno langu ni mbuyu." Mjanja anafungua, anayanakili maneno hayo hayo, anayatumbukiza kwenye sanduku la Baraka. Baraka anasoma "Mimi Asha", anajibu kwenye sanduku la Asha: "Mbuyu. Langu ni zabibu." Mjanja hawezi kulifungua sanduku la Asha, wala hana haja. Asha mwenyewe analifungua, anadhani ni jibu la Mjanja, na kwa uaminifu wake wote anampelekea Mjanja: "Zabibu." Mjanja analichukua neno hilo, analitumbukiza kwa Baraka. Baraka anaridhika kwamba anazungumza na Asha, na kumbe anazungumza na Mjanja.

Hakuna kufuli lililovunjwa. Hakuna ufunguo ulioibwa. Kila mtu, isipokuwa Mjanja, alifuata utaratibu neno kwa neno.

Na dawa yake je? Jina. Baraka akijibu, aandike: "Mimi Baraka. Mbuyu. Langu ni zabibu." Asha aliyemwandikia Mjanja ataona jina la Baraka, atashtuka, ataacha. Neno moja lilitosha kuziba ufa wa miaka 17. Na neno hilo ndilo lililokosekana katika ujumbe aliopata shangazi: jina la msemaji, ndani ya ujumbe wenyewe, mahali ambapo mwizi hawezi kuligusa.

Kijana mwenye akili ataniuliza: mzee, kama mantiki yenyewe haikuuona ufa, faida yake nini? Swali zuri. Mantiki ilijibu sawasawa ilivyoulizwa. Ilichukulia kwamba wanaozungumza ni waaminifu na mwizi yuko nje. Hakuna aliyeuliza: je, mwizi akiwa mmoja wetu? Katika mwaka 1978 kompyuta zilikuwa chache, na waliozitumia walijuana. Ilikuwa haki kudhani hivyo. Mtandao ukakua, mji ukajaa wageni, na dhana ile ikabaki palepale bila kuandikwa.

Ndiyo sababu leo tunaanza na dhana iliyo kali, iliyoandikwa na Danny Dolev na Andrew Yao mwaka 1983: hesabu kwamba tarishi ndiye mwizi. Anasoma kila barua, anaizuia, anainakili, anaileta kesho, anaandika za kwake. Asichoweza ni kufungua kufuli asilo na ufunguo wake, basi. Kisha programu ya kompyuta hujaribu njia zote ambazo mwizi huyo aweza kupita. Lowe alitumia programu ya aina hiyo kuupima utaratibu wa masanduku na kuthibitisha dawa yake. Na kabla ya mwaka 2018, ulipotolewa utaratibu wa TLS 1.3 unaolinda mazungumzo mengi ya intaneti, watafiti walikuwa wameshaupima kwa programu za mantiki kama Tamarin na ProVerif ukiwa bado unaandikwa. Zamani tulijenga kwanza, tukatafuta nyufa baada ya kuibiwa. Sasa tunaanza kujifunza kupima kabla ya kujenga.

Msidhani mambo haya yako Oxford tu. Chukueni simu zetu. Katika mfumo wa GSM, yaani kizazi cha pili, kadi ya simu ina ufunguo wa siri ambao kampuni nayo inao. Simu inapojiunga, mtandao huitumia namba ya kubahatisha. Kadi huikokotoa pamoja na ufunguo, hurudisha jibu, na mtandao hulinganisha. Hivyo mtandao unaijua simu. Lakini simu haiulizi: nawe mnara, ni nani? Mtu mwenye mitambo aweza kusimamisha mnara wa uongo, na simu ikamsalimia. Waliobuni mfumo ule walijua hesabu. Sentensi moja tu haikuwekwa kwenye karatasi: "Simu inaamini kwamba mnara ni wa kampuni yake." Katika kizazi cha tatu sentensi hiyo iliwekwa: mtandao nao hutoa uthibitisho wake, pamoja na namba ya mfuatano inayoionyesha simu kwamba ujumbe ni mpya. Na utaratibu huo mpya ulipimwa kwa mantiki ya ukoo huu wa BAN.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu mwaka 2008. Tangu hapo mkulima wa Kongwa au Mpwapwa hana haja ya kupanda basi na fedha zimefungwa kwenye khanga. Ni neema. Lakini maana yake ni kwamba zile taratibu ambazo zamani zilikuwa kazi ya mabenki na majeshi sasa ziko mikononi mwa kila mtu. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hiyo ni kazi ya serikali. Kuuliza maswali matatu ni kazi yetu.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nije kwenye chama chetu.

Mwaka huu tunachangia maktaba. Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kwamba namba ya michango imebadilika. Nilimpigia Mweka Hazina, akasema ni kweli. Nikatuma mchango wangu. Lakini nawauliza wenzangu: wangapi kati yetu tulipiga? (Kimya.) Ujumbe ule ulikuwa wa kweli, na tuliouamini bila kupiga hatukuwa na haki ya kuuamini. Tulikuwa na bahati. Shangazi yangu hakuwa nayo, hiyo ndiyo tofauti yetu na yeye.

Napendekeza utaratibu ufuatao.

Kwanza, namba ya michango ichapwe katika gazeti hili, na isibadilike mpaka toleo linalofuata. Ujumbe wowote wa simu unaosema imebadilika, hata ukitoka kwa Mwenyekiti, uhesabiwe kuwa hauna mamlaka. Hapo tumekiondoa kipago cha tatu mikononi mwa mwizi.

Pili, anayechanga aandike jina lake na mwaka aliomaliza. Stakabadhi anayorudishiwa iwe na jina la Chama, jina la mchangaji, kiasi na tarehe. Jina kwa sababu ya Asha na Baraka. Tarehe kwa sababu ya cheti changu.

Tatu, mwanachama akiwa na shaka, apige yeye, kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani. Asipigiwe. Anayekupigia ndiye anayejitambulisha kwako. Unayempigia umemchagua wewe.

Mwisho, tuandike wazi tunachokidhani. Tunadhani Mhariri ni mwaminifu. Tunadhani Mweka Hazina ni mwaminifu. (Kicheko.) Mnacheka, lakini andikeni. Dhana iliyoandikwa, mwaka kesho mtu ataisoma na kuuliza kama bado ni kweli. Ile isiyoandikwa haiulizwi na mtu mpaka fedha zipotee.

Ninyi vijana wa kidato cha tano na cha sita, nawaachia kazi. Uvunjeni utaratibu huu. Hesabuni kwamba tarishi ndiye mwizi, tena kwamba mwizi ni mwanachama, maana niliwaonyesha kwamba wanachama wengine walianza uhalifu na cheti cha ruhusa. Atakayeonyesha ufa kwa kuandika hatua moja moja, nani kasema, nani kaona, nani kaamini nini na kwa haki gani, nitamnunulia vitabu vyake vyote vya hisabati. Akiupata, nitafurahi kuliko yeye. Na yule atakayependa kuendelea na mambo haya asidhani lazima avuke bahari kwanza: Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha elimu ya kompyuta hapa hapa kwetu.

Nimalizie na shangazi. Pampu alipata mwaka uliofuata. Naye sasa ana utaratibu wake. Nikimtumia namba yoyote, hajibu. Ananipigia yeye, kwa namba yangu ya zamani aliyoiandika kwa mkaa ukutani jikoni. Kisha ananiuliza jambo dogo la siku ile ile, kwa mfano asubuhi tulipozungumza alisema anakwenda kwa nani. Nikikosea, anakata simu. Siku moja nilikosea kweli, akakata, na ilinibidi nisafiri mpaka Hombolo. (Kicheko.) Hakunihurumia hata kidogo, nami sikuomba anihurumie.

Hajasoma mantiki ya BAN. Lakini anajua nani kasema, anajua kasema lini, na hampi mtu mamlaka mpaka mambo hayo mawili yametimia. Naomba sisi tuliosoma tusiwe nyuma yake.